Nguo ya Manjano ya Hooyo

Garissa, Alhamisi jioni, kiangazi cha 1966

Leo siwezi kutulia. Upepo umeanza kuvuma mapema, ule wa kiangazi unaoingiza mchanga mpaka ndani ya chai, na joto limelala juu ya bati la nyumba yetu halitaki kuondoka. Nimefungua sanduku la nguo, nikalifunga, nikalifungua tena. Ayeyo, bibi yangu mzaa baba, haoni vizuri siku hizi lakini masikio yake hayajambo. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta sindano. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye nguo, kifuani mwangu.

Picha yetu imeshapigwa. Familia nzima, kwa mara ya kwanza, mbele ya ukuta wa shule. Jambo limekwisha, na ningepaswa kuwa nimekaa chini nakunywa chai kama watu wengine. Badala yake natembea kutoka mlangoni mpaka jikoni na kurudi, kwa sababu picha hiyo itasafiri, na mimi najua itasema nini ikifika.

Ayeyo hajui.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Nyumbani tunazungumza Kisomali, na hakuna anayesoma Kiswahili ila mimi, ninayewaimbisha irabu watoto wa darasa la kwanza. Adeer Bulle, mdogo wake baba, anakijua Kiswahili cha kuuzia mbuzi tu. Mama yangu, Hooyo, anajua cha kuuzia maziwa. Kwa hiyo hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kusema neno bila mtu kunijibu.

Baba yangu, Aabo, aliondoka na ng'ombe kwenda Wajir mvua za mwaka juzi zilipokuwa zinakatika. Alipitia Habaswein, na habari zake zinaishia hapo. Mtu mmoja alisema alimwona dukani akinywa chai na kucheka. Mwingine alisema alikuwa miongoni mwa wanaume waliosimamishwa njiani na askari, wakaambiwa wakae chini juani, na kwamba yeye msimulizi alikimbia na hakugeuka nyuma kuona yaliyofuata. Baadaye ng'ombe wenye alama yetu walionekana kisimani bila mchungaji. Tangu hapo hatujasikia lolote.

Aabo ni mtu wa hasira za karibu. Sisemi vibaya, ndivyo alivyo. Aliwahi kusikia akiwa machungani kwamba kuna mtu hapa mjini anayesema aliuziwa ng'ombe mgonjwa, akaacha chakula, akatembea usiku kucha na mchana wake, akaja kusimama mlangoni kwa yule mtu na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipomaliza kusema aliyokuja kusema, ndipo alipoomba maji. Sisi tulicheka mwezi mzima, na yeye akakasirika kwa sababu tunacheka.

Siku hizi hata kumuulizia ni hatari. Ukimwambia askari kwamba mwenye nyumba hajulikani aliko, anasema basi amejiunga na shifta, wale waasi wa porini, na nyumba yenu inawekewa macho. Ukimwambia amekufa, anataka kuonyeshwa kaburi. Hooyo alijifunza kusema "amekwenda kuuza ng'ombe," na ameisema hiyo kwa muda mrefu mpaka hata askari wengine wamechoka kuuliza.

Kisha akaja fundi wa picha. Ni mtu wa Mombasa, anaitwa Athumani, mzee wa kofia na miwani. Aliletwa na msafara wa malori unaosindikizwa na askari, awapige picha maofisa, na akaruhusiwa kupiga na za raia kabla hajarudi kwao. Ayeyo aliposikia habari hiyo aliinuka mkekani bila kushikwa mkono.

Mpango ni wake. Tupigwe picha, halafu Nuur aichukue. Nuur ni jamaa yetu, dereva wa lori, na kesho anaondoka na msafara kwenda Habaswein mpaka Wajir. Aionyeshe madukani na visimani, awape wachunga ngamia waiangalie. Watu wetu hawawezi kuona sura bila kuuliza ni ya ukoo gani. Kama Aabo amejificha mahali, au amefungwa, au amechanganyikiwa na anazunguka tu, siku moja itamfikia. Ataona nyumba yake bado imesimama na watu wake wanamngoja, naye atarudi. Nikamuuliza Ayeyo, na askari wakilipekua lori? Akasema picha si bunduki.

Kazi ya kuchagua nguo wakanipa mimi, ati kwa sababu nimesoma. Sijui walidhani ni shule gani inayofundisha hilo.

Nilianza na walio rahisi. Hamdi, mdogo wangu wa miaka sita, alitaka viatu. Viatu anavyo, ila ni kimoja. Tulibishana, akalia, kisha akaamua mwenyewe kwamba atauficha mguu mmoja nyuma ya mwingine na atambeba mwanambuzi wake, ili watu wote wamwangalie mbuzi. Mimi nilitaka kuvaa blauzi nyeupe ya kazini, Ayeyo akaniambia nisithubutu kuleta nyeupe karibu na picha hii, nikachukua gauni la kijani.

Adeer Bulle naye alikuja na shati la kaki kutoka sokoni, lenye mifuko miwili kifuani kama la shifta. Hooyo akalitazama akamwambia, "Vaa hilo. Utapigwa kwanza na kamera, halafu na bunduki." Akalikunja. Jioni akarudi na kikoi kipya ambacho bado kina mikunjo ya dukani, na ndevu zimekolea hina mpaka Hamdi akamuuliza kama ameumia.

Simchukii Adeer. Tangu Aabo apotee yeye ndiye anayetengeneza ua wetu wa miiba, na Ijumaa haji bila nyama mkononi. Lakini kwetu mjane anaweza kuolewa na ndugu wa marehemu, ili watoto wabaki kwa baba zao, na Adeer ni mtu anayejua kungoja. Ile hina haikuwa ya kamera peke yake. Hooyo analijua hilo, na huwa anampokea nyama yake akiwa amesimama mlangoni.

Sasa nifike kwenye kitambaa kilichozusha ugomvi.

Juzi nilipotoa nguo zote nje nilikikuta chini kabisa ya sanduku. Bafta nyeupe, imekatwa, imeshonwa pindo pande zote. Mshono wa Hooyo naujua, ni mfupi mfupi na hauna papara. Nilikijua ni cha nini. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume huvaa nyeupe kutoka kichwani mpaka chini, miezi minne na siku kumi. Ukikutana naye njiani huna haja ya kuuliza, unampa pole na unapita.

Ningekirudisha haraka, lakini Ayeyo alikuwa ameketi kando yangu akinisaidia kukunja. Akanyoosha mkono, akapapasa. Macho yake yana ukungu, vidole vyake havina.

"Nani amekuletea maiti?" akamuuliza Hooyo.

Hooyo alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha. "Na wewe nani amekuletea salamu?"

"Mwanangu yuko hai."

"Kichwani mwako yuko hai. Kitandani kwangu hayuko, kisimani hayuko, kaburini hayuko. Mimi nimuweke wapi?"

Akasema wazi kwamba alikusudia kuivaa siku ya picha. Siku hiyo watu wote watakuwa wameoga na wamesimama pamoja, akasema, na ni siku nzuri kama nyingine yoyote ya kuanza. Ayeyo akaapa kwamba nguo ile ikisimama karibu yake, yeye atakaa chini na kuipa kamera mgongo. Baada ya hapo hawakusemezana. Walipika kwenye sufuria moja, wakapishana mlangoni, na kila mmoja akawa ananituma mimi kwa mwenzake: mwambie bibi yako maji yamechemka, mwambie mama yako nimesikia.

Na mimi nilitaka nini? Ukweli ni kwamba nilibadilika kila saa. Nikimwona Hooyo anavyoinua kichwa kila mlango unapogongwa, nataka avae nyeupe, alie, amalize. Nikimsikia Ayeyo baada ya sala akimtaja Aabo kwa jina lake la utotoni, nataka nikichome kile kitambaa jikoni. Kuna kitu kingine kinanitia hofu, sijamwambia mtu. Nimeanza kuusahau uso wa Aabo. Nakumbuka koti lake la kijivu la sikukuu, vifungo vyake na mahali kiwiko kilipochakaa, lakini pua yake inanipotea.

Jana baada ya kufundisha nilikwenda kumwona fundi Athumani. Anakaa kwenye darasa tupu la mwisho, madirisha ameyaziba kwa mablanketi ili aweze kusafishia picha zake gizani. Nilitaka ushauri. Hooyo ana guntiino tatu za kutokea, zile shuka ndefu zinazofungwa fundo begani. Moja ni nyekundu yenye maua. Moja ni ya zambarau. Ya tatu ni ya manjano, imepauka kidogo, na ndiyo anayoipenda, kwa sababu Aabo alimletea kutoka Kismayu wakati mimi bado naanza madrasa.

"Mwanangu, mashine hii haijui rangi," fundi akaniambia, kwa Kiswahili kitamu mpaka nikaona haya kwa changu. "Yajua kiza na mwanga. Nyekundu hutoka kiza kiza. Zambarau vilevile. Manjano, khasa ikiwa imepauka, hutoka nyeupe pee." Akanionyesha picha ya bibi harusi wa kwao aliyevaa nyeupe tupu. "Huyu alivaa manjano ya kiini cha yai. Watu wake nusura wanipige." Akacheka, akafuta miwani. "Lakini nyinyi watu wa Garissa mna nini na manjano? Wewe ni wa pili kuniuliza tangu juzi."

Sikumuuliza wa kwanza ni nani. Nilitoka pale karibu nikimbie kwa furaha, maana nilikuwa nimepata la kufanya. Nitamshawishi Hooyo avae nyekundu ya maua. Itatoka ya giza, na hakuna mtu wa Wajir wala wa popote atakayeiona akadhani amefiwa. Nyumba itakuwa na amani, angalau kwa siku moja.

Leo asubuhi, kabla sijafungua mdomo, Hooyo aliweka kikombe chini akasema, "Nitavaa ya manjano."

Alisema moja kwa moja kwa Ayeyo, bila kunituma mimi. Ayeyo akageuza uso kuifuata sauti yake. Kisha akauliza, "Ile aliyokuletea yeye?" Hooyo akasema ndiyo, ile. Ayeyo akalia. Akaushika mkono wa Hooyo akaubusu, yeye mkubwa akaubusu wa mdogo, halafu akavua shanga zake za kaharabu ambazo hajamvulia mtu yeyote, akamvisha shingoni. Adeer Bulle alikuwa amesimama mlangoni na kikoi chake kipya. Akazipapasa ndevu zake, akatoka kwenda kuangalia kama ua umekaa sawa.

Kila mtu alipumua isipokuwa mimi. Nilikaa na lile neno mdomoni mpaka chai yangu ikapoa. Picha inakwenda kumwita mume, na mke ndani yake atakuwa amevaa nyeupe.

Kumfunga guntiino ni kazi yangu, kwa sababu bega lake la kulia linamuuma tangu zamani. Tulikuwa nyuma ya pazia. Nje Ayeyo alikuwa anamwambia Hamdi habari za siku Aabo aliyorudi na nguo ile, jinsi alivyoificha ndani ya gunia la tende ili ionekane kama kitu cha kawaida. Sijawahi kumsikia na sauti ile tangu vita vianze. Nikamsogelea Hooyo sikioni.

"Hooyo, hiyo itatoka nyeupe. Fundi amesema. Kwenye picha utaonekana umefiwa."

"Vuta fundo," akasema. "Limelegea."

"Hooyo, umenisikia?"

"Nilimuuliza kabla yako. Nilimpelekea maziwa, nikamwonyesha pindo la nguo. Kiswahili chake ni kingi kuliko changu, basi akanionyesha kwa kidole." Akageuza kichwa kidogo. "Aliingiza kidole kwenye maziwa."

Nilibaki nimeshika ncha ya nguo. Nikamuuliza kwa nini, basi, na kwa nini amemwacha Ayeyo afurahi namna ile. Alinijibu taratibu, kama mtu aliyekwisha kujibishana na nafsi yake akamaliza.

"Nikitoka hapa na nyeupe, majirani wanaanza kuhesabu siku, na Adeer yako atahesabu kwa sauti. Hapa Garissa mimi ni mke. Bibi yako amefurahi, muache afurahi."

"Na huko Wajir?"

"Huko waone nyeupe."

"Na Aabo akiiona?"

Alikuwa anajifunga kitambaa cha kichwa, nacho ni cha manjano, kilikatwa kwenye nguo ileile. Akamaliza kwanza kukifunga.

"Baba yako akiwa hai, akaniona nimemvalia nyeupe naye anapumua, atakasirika. Unamjua akikasirika. Hatakula, hatalala. Atakuja kwa miguu."

Nikamuuliza, na asipokuja? Akasema, "Basi ile nyingine iko sandukuni. Imeshashonwa."

Akatoka. Nikasikia Ayeyo anasema sogea karibu nikuone, na Hooyo anasogea.

Tulikwenda shuleni sote kwa mguu, Ayeyo katikati, amejikunjia koti la Aabo mkononi. Askari wawili walikuwa langoni chini ya kivuli. Walituangalia tulivyojipamba, mmoja akauliza harusi ni ya nani. Hooyo akawaambia, "Hakuna arusi. Bicha tu," akapita.

Fundi alikuwa ameweka kiti kimoja mbele ya ukuta kwa ajili ya mtu mzima. Adeer Bulle akakohoa, akakielekea. Hajawahi kukaa haraka namna ile. Ayeyo hakuona, lakini alisikia miguu ya kiti ikikwaruza mchanga.

"Wewe mtu ya bicha," akamwambia fundi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwa sauti ambayo hata askari waliisikia, "hii kiti ya mtoto yangu. Mtoto yangu iko, imechelewa tu. Weka koti yake fizuri."

Adeer akainuka. Lazima niseme kwamba aliinuka kwa adabu, na alimshika Ayeyo mkono akamweka mahali pake. Fundi akalitandaza koti juu ya kiti, mabega yakakaa kwenye egemeo, akafunga kifungo kimoja cha katikati. Ayeyo akawekewa sanduku la vitabu upande wa kushoto akalikalia. Hamdi na mbuzi wake mbele, mguu mmoja nyuma ya mwingine. Adeer nyuma, mimi kando yake. Hooyo akasimama kulia mwa kiti, akaweka mkono juu ya bega la koti.

Fundi akaingia ndani ya kile kitambaa chake cheusi. Akakaa humo kwa muda. Akatoka, akamtazama Hooyo, akatazama kiti, kisha akanitazama mimi.

"Binti," akasema polepole, "mwambie mama, hapa nina shali nyeusi ya mke wangu. Ajitupie mabegani. Hata kwetu nyeupe yote namna hii yajulikana, na hicho kiti kitupu kando yake... Watu watafahamu vingine."

Alikuwa ameitoa tayari, ameinyoosha kwangu. Ilikuwa shali nzuri yenye nyuzi pembeni.

"Anasema nini?" Ayeyo akauliza.

Wote wakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye mwenye Kiswahili. Nilimwangalia Hooyo. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alikuwa anaikazia macho kamera kama anavyomkazia mteja anayetaka kumpunja maziwa. Nilijua kwamba shali ile ikimgusa, Ayeyo atakuwa na picha yake, Aabo ataona mke wake amevaa kama wanawake wote, na mimi nitalala usingizi. Nilijua pia kwamba Hooyo ataendelea kuinua kichwa kila mlango unapogongwa.

"Anasema tusicheke," nikamjibu Ayeyo.

Na kwa fundi nikasema, "Mama yuko sawa hivyohivyo."

Alikunja shali yake. Akaingia tena gizani, akainua mkono, na hapo mwanambuzi akamkojolea Hamdi mguuni, ule mguu wenye kiatu. Hamdi akapiga ukelele, akaanza kucheka, na kamera ikalia.

"Umeambiwa usicheke!" Ayeyo akamkemea.

Nilitaka ardhi inimeze.

Sasa jua linaelekea kuzama, na muda si mrefu amri ya kutotoka nje itaanza. Fundi amesema atampa Nuur picha yake alfajiri, kabla msafara haujaondoka. Ayeyo amelala mapema, ana amani, ameniomba nimweleze tena na tena jinsi sote tulivyosimama, na kila mara nimemwambia ya manjano, Ayeyo, ya manjano. Hooyo ameikunja guntiino, ameiweka juu kabisa sandukuni. Nyeupe bado iko chini. Nimefungua kuhakikisha, ndiyo sababu ya kelele zote zile za sanduku.

Hiki ndicho kinachonizungusha jikoni. Hooyo anamjua mume aliyeondoka na ng'ombe. Sasa hivi hata wanaume waliokuwa wakigombana sokoni kwa sababu ya kamba wanatembea wanaangalia chini, wanasema ndiyo kwa kila mwenye bunduki. Vipi kama hasira za Aabo zimekwisha? Vipi kama ataishika ile picha kisimani, amwone mkewe katika nyeupe na koti lake juu ya kiti kama nguo za marehemu, aseme basi, wamenizika, wamepumzika, afadhali nikae nilipo?

Bado kuna dakika chache za mwanga. Shule haiko mbali. Ningeweza kukimbia, nimwambie fundi asiitoe ile picha, aseme mwanga umeingia ukaiharibu. Nimesimama mlangoni na viatu miguuni.

Hooyo amenipita sasa hivi na ndoo. Ameviona viatu. Hakuniuliza ninakwenda wapi, amenigusa bega tu, palepale linapofungwa fundo, akaingia ndani.

Nimevua viatu.

Aabo, kesho lori linaondoka. Kama unapumua, kasirika. Tafadhali kasirika. Njoo na vumbi lako mpaka kwenye nyusi, usiombe hata maji kwanza, utugombeze sote mlangoni, na uanze na mimi niliyesema tusicheke.